Pampu ya Gaudence

Mimi Mhehe, fundi Matonya Mgogo, kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla hatujazaliwa. Tulitaniana tulivyotaka na hakuna aliyenuna. Ila utani haumpi mtu ruksa ya kuniibia.

Nilimpelekea pikapu niliyoachiwa na marehemu mume wangu, Gaudence, atengeneze klachi tu. Klachi ikapona kweli. Lakini kila nikitoka Hombolo na zabibu, gari likifika kwenye mwinuko linakohoa, linakohoa, linazima juani. Na zabibu hazimngoji mtu. Nafika mjini makreti yanachuruzika, wanunuzi wameshaondoka, na nyumbani watoto wananitazama mikononi. Nikamrudia Matonya.

"Petroli chafu hiyo, mtani," akasema huku anacheka. "Halafu nyie Wahehe mmezoea kula mbwa, magari mtayawezea wapi?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Loo! Nikaondoka nimeuma meno.

Siku moja nikamkuta kando ya barabara Nzuguni, anaweka maji kwenye pikapu yake, boneti iko wazi. Nikachungulia. Pampu ya mafuta ina herufi G! Gaudence aliichonga herufi hiyo kwa patasi mwenyewe isije ikaibwa, maana enzi zile spea hazipatikani, pampu aliifuata mpaka Zambia. Kumbe fundi alinifungia kimeo chake kibovu, akaondoka na pampu yangu!

Ningepiga kelele pale, angesema kainunua dukani, na watu wangemwamini yeye. Nikamwamkia vizuri, nikapita. Moyoni nikasema, ngoja, nitakupata mahali usipoweza kunijibu.

Haikupita muda mama mkwe wake, Mgogo mwenzake, akafariki. Matonya, kwa kutaka sifa mbele ya wakwe, akalitoa gari lake libebe jeneza. Kaliosha likang'aa, naye kavaa shati jeupe. Jeneza lilipokwisha kupakiwa, nikajitupa chini mbele ya matairi.

"Mtani kafika!" watu wakashangilia katikati ya vilio. Huko kwetu na kwao mtani akizuia jeneza hapigwi wala hafukuzwi. Hupewa anachotaka, ndipo apishe. Wakanitupia sarafu.

"Sizitaki!" nikasema. "Nataka pampu yangu iliyomo humu, yenye herufi G ya mume wangu."

Vicheko vikakatika. Bartolomayo, kaka mkubwa wa mke wa Matonya, akafungua boneti akainama. Alipoinuka hakunitazama mimi.

"Shemeji, hii G ni ya nani kwenu?"

 Mbele ya wakwe Matonya atabishana na nani?

"Ifungue," Bartolomayo akamwambia. "Wewe mwenyewe."

Nati mbili tu, lakini kwa haraka zake spana ikamponyoka. Petroli ikamrukia kwenye shati lake jeupe. Nilifurahi, jamani, nidanganye ya nini? Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na waliokuwa mbali wakadhani namlilia marehemu.

Gari bila pampu haliendi; jeneza likashushwa, wanaume wakalibeba mabegani mpaka makaburini, na Matonya akawekwa mbele. Vumbi na jua vyote vyake. Mimi nilifuata nyuma, pampu nimeifunga kwenye khanga, naimba kuwashinda wanakwaya.

Baada ya kuzika, Emilia, mke wa Matonya, akanijia macho yamemvimba. Nikajikaza nipokee matusi, maana niliyemzuilia safari ni mama yake mzazi. Akanishika mkono, akaninong'oneza:

"Mtani, kesho njoo na gari. Dinamo yako nayo alikubadilishia, iko chini ya kitanda chetu. Ataifunga mwenyewe, nami nitamsimamia."