Mkebe wa Kadyrbek

Kesho alfajiri ukoo mzima ungehamia malisho ya juu, na Zuurakan alikuwa uvunguni mwa lori tangu chai ya kwanza. Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Shemeji yake Toktosun, mdogo wa marehemu mumewe, akachuchumaa kuzungumza na hiyo miguu.

"Shemeji, huko chini mmefikia wapi? Ndoa lini?"

"Likileta mahari nitakuita ule nyama. Nipe spana ya kumi."

"Nakupa. Lakini tukishakula mchana, kama bado linang'ang'ania, namwambia jirani yetu Sagynbek alete lori lake jipya. Hili Jumamosi linachukuliwa na watu wa vyuma chakavu."

Ya ndoa yalikuwa utani, haya hayakuwa. Masika thelathini na moja, duara la mbao la juu la hema la ukoo, lile linaloshika nguzo zote, lilikuwa limepanda mlimani ndani ya lori hili: kwanza mumewe Kadyrbek akiwa kwenye usukani, na miaka sita hii Zuurakan mwenyewe. Naye hakujifunzia gari kwenye mto wa pamba. Kwenye shamba la ushirika wanaume walimficha hendeli ya kuwashia injini wiki nzima, mpaka akajifunza kuliwasha kwa kuliachia mteremkoni.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Ukikanyaga breki mara ya kwanza, lori linasimama vizuri. Mara ya tano, unaondoa mguu lakini magurudumu yamebana vilevile, yanatoa harufu ya kwato iliyoungua. Asubuhi hiyo alipiga jeki gurudumu la nyuma. Halikuzunguka hata kwa mikono miwili. Akalegeza nati ya kutolea upepo. Mafuta ya breki yakaruka mpaka kwenye mkono wa koti, na gurudumu likazunguka kama bibi harusi kwenye ngoma. Basi springi za kuachia breki hazina kosa. Mafuta yanakwenda, hayarudi. Na njia ya kurudia ina valvu ndogo mdomoni mwa pampu, na kitundu chembamba kama cha sindano.

Valvu mpya aliifunga Jumanne. Jumatano ikaganda. Leo ameifungua tena, na ndani amekuta donge jeupe.

Toktosun alilitazama kwenye kiganja cha shemeji yake. "Jibini hiyo. Shemeji, umelinyonyesha?"

Alikuwa anadhihaki tu, ila Zuurakan aliacha kufuta mikono. Uchafu hauwi jibini. Maziwa huganda ukiyatia kitu kisichopatana nayo.

Akaingia ndani ya lori, akatoa mkebe uliokaa nyuma ya kiti. Yalikuwa mafuta mekundu ya breki, ya zamani, ambayo Kadyrbek aliyabeba siku ghala la ushirika lilipofungwa. Hakuyaiba, alisema, aliyaokoa. Vuli iliyopita bomba lilipasuka, mafuta yakamwagika barabarani, Zuurakan akajaza ya sokoni, ya njano. Kisha Aprili akaongeza kidogo kutoka kwenye mkebe.

Akachukua bakuli la chai, akatia kidogo mekundu, kidogo ya njano, akakoroga kwa unyasi.

"Mimi hiyo sinywi," alisema Toktosun.

Walingoja. Rangi ikafifia, ikawa tope, kisha vidonge vyeupe vikaelea juu.

"Nani aliyeyachanganya?" aliuliza Toktosun, sauti laini kabisa.

"Mimi."

"Sikio hili lina nta. Nani?"

"Mimi, mimi! Furahi, nenda ukawatangazie na kondoo."

Jambo moja hakumwambia. Aprili ile pampu haikupungukiwa sana. Aliufungua mkebe kwa sababu ulinuka kama mikono ya shati la Kadyrbek.

"Mabomba yote yaoshwe kwa spiriti," alisema. "Lete ile chupa yako."

"Chupa gani?"

"Ya kuchulia magoti. Iliyo nyuma ya magunia ya unga. Magoti gani hayo yanayochuliwa kupitia kooni?"

Aliileta kama mtu anayempeleka kondoo wake kuchinjwa, na zaidi ya hapo akawekwa kukanyaga pedeli. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Spiriti ikatoka na vidonge, kisha ikatoka safi, na Toktosun akaguna kwa kila tone. Kitundu cha pampu Zuurakan alikizibua kwa unywele wa mkia wa farasi, usiokwaruza chuma. Akajaza mafuta ya njano matupu, wakatoa upepo gurudumu kwa gurudumu, wakianzia lile la mbali.

Aliliteremsha lori mpaka kijitoni. Akakanyaga mara kumi, na kila alipoinua mguu liliendelea kubingirika, jepesi. Alipogusa gurudumu, lilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa.

Aliporudi, watu walikuwa wamekwisha kula. Toktosun alikuwa analibingirisha duara la hema uani, polepole, kuelekea kwenye lori la Zuurakan.

"Na Sagynbek?"

"Atabeba unga."

Zuurakan akaufungua mkebe, akanusa mara moja, akafunga kifuniko kwa waya mizunguko minne ili asiyamimine tena kwenye breki hata kwa bahati mbaya, akaurudisha nyuma ya kiti.

Alfajiri Toktosun alipanda kando yake, akakunja uso. "Shemeji, lori linanuka pombe."

"Limechuliwa magoti. Funga mlango."