Santuri Waliyoichoma Shauri Moyo

Huko Shauri Moyo, mtaa wa Nairobi, Warigia aliitwa Mama Thuo, na kila aliyemjua alijua ni mtu wa hofu. Mvua ikinyesha, aliogopa paa litavuja. Isiponyesha, aliogopa maharagwe yatapanda bei kabla hajafika sokoni Gikomba kuyauza. Alipofiwa na mumewe, hofu zote zilihamia kwa mwanawe wa pekee, na mwaka ule wa 1981, Thuo alipotimiza miaka ishirini na mmoja, zilikuwa zimepata mahali pa kukaa. Zilikaa juu ya gitaa la besi.

Mchana Thuo aligonga masanduku ya bati kwa fundi mmoja wa Gikomba. Jioni alikuwa kwa Owino, nyumba ya nne kutoka mferejini. Owino alikuwa amepiga besi katika bendi ya Kabiru miaka kumi na miwili, mpaka asubuhi moja ya mwaka uliopita alipoamka na mkono wa kushoto haukuamka naye. Sasa Kabiru alitaka mpiga besi mpya. Vijana watatu wangepimwa Jumamosi saa nane mchana, ukumbini Kaloleni, na kila mmoja angepiga ule wimbo mkubwa wa bendi kama Owino alivyoupiga kwenye santuri. Si kufananafanana. Vilevile.

"Mama, wapiga besi wa kweli ni watatu tu," Thuo alimwambia wakinywa chai asubuhi. "Wa kwanza Mulumba, yule Mkongomani aliyepita Nairobi zamani. Wa pili Baba Akinyi, aliyemwibia Mulumba vidole."

"Owino ni mwizi?"

"Aliiba kwa masikio, Mama! Mulumba alikuwa anaacha pigo la kwanza lipite bila kuligusa. Kama mtu anayekuambia, tangulia wewe mlangoni, mimi nakuja. Baba Akinyi alilisikia hilo akiwa kijana, akakaa nalo mpaka likawa lake. Sasa nenda mtaa wa Bahati, nenda Makongeni, kila mtu anataka kupiga vile."

"Na wa tatu ni nani?"

"Wa tatu tutamjua Jumamosi."

Warigia alicheka naye. Kisha Thuo alipokwenda kazini alipita nyuma ya pazia, akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba mwanawe ashindwe. Aliomba hivyo hasa, kwa maneno hayo. Alikuwa anamwona tayari kijana wake akitolewa kwenye baa akivutwa miguu, kichwa kikiburuzwa. Ombi hilo hakumwambia mtu.

Jumatano yake kichwa kilimuuma, akafunga biashara mapema. Alipofika mlangoni alisikia mwanamume akinguruma ndani ya nyumba. Haikuwa sauti ya Thuo, na haikuwa sauti ya mtu yeyote aliyewahi kumsikia. Ilikuwa nzito, ya kujikokota, ikivuta kila neno kama mtu anayezama kwenye tope, na maneno yenyewe hayakuwa lugha. Warigia alisukuma mlango kidogo tu. Thuo alikuwa amepiga magoti mbele ya gramafoni. Alikuwa amelaza shavu juu ya sanduku lake la mbao, macho amefumba, midomo inatikisika, vidole vinatetemeka juu ya paja. Ile sauti ikanguruma, naye akatabasamu.

Sasa, mama mwenye akili angesema, "Thuo, unafanya nini?" Maneno matatu. Mtoto angefumbua macho akajibu, na habari ingeishia hapo. Warigia aliufunga mlango polepole, akarudi barabarani. Alimwogopa mwanawe, na hofu hiyo aliona aibu kuikubali, akaiita kwa jina lingine. Akaiita pepo.

Alhamisi ilikuwa siku ya ushirika wa akina mama. Katika ushirika ule mtu akiwa na mzigo husimama mbele ya wenzake akautua, na Warigia alisimama. Alieleza sauti. Alieleza magoti, na shavu, na vidole. Jinsi akina mama walivyozidi kuguna na kushika vifua, ndivyo naye alivyozidi kueleza, mpaka macho ya Thuo yakawa mekundu na nyumba ikawa na harufu, mambo ambayo hakuyaona wala kuyanusa. Kweli ni kwamba alifurahi kidogo. Alikuwa hajawahi kusikilizwa vile.

"Mama Thuo, usilie," akasema Asenath, kiongozi wao, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha gari. "Kesho tunakuja. Hicho chombo kitatoka."

Ijumaa saa kumi walikuja sita, vitambaa vyeupe kichwani, wakiimba tangu kona ya barabara, ili hata aliyekuwa bafuni atoke aone. Jirani yao Batulo, aliyekuwa akianua nguo, alimuuliza Warigia, "Kuna msiba, mama?"

"Kuna vita," akajibu Asenath kwa niaba yake.

Waliomba ndani, waliomba nje, wakanyunyiza maji kwenye gitaa. Santuri ilikuwa bado juu ya gramafoni. Asenath aliishika kwa ncha ya leso kama panya aliyekufa, akaivunja kwa goti, na Warigia mwenyewe, kwa mkono wake, akatia vipande kwenye jiko lililokuwa limewashwa mlangoni. Moshi ulipanda mweusi, wenye masizi mazito, ukaelekea moja kwa moja kwenye nguo za Batulo.

"Mnaona!" mmoja wa akina mama, aliyeitwa Wangu, akapiga kelele. "Mnaona kinavyotoka!"

"Mimi naona shuka zangu," akasema Batulo. "Hicho ni plastiki, nyinyi wanawake. Hata kandambili ukiichoma inatoa hivyo."

Thuo alitokea wakati huo, sanduku dogo la bati begani. Alitazama vitambaa vyeupe, akatazama jiko. Alisogea akachutama, akaona kile kipande cha mwisho kikijikunja.

"Mama, hii ni nini?"

Asenath akamjibu. Alimweleza kila kitu, mbele ya majirani, hata harufu ile ya uongo. Thuo alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Ile gramafoni ina kijiti cha mwendo," akasema. "Ukikirudisha nyuma, santuri inaenda polepole. Nota za besi zinakimbia, Mama. Ukizipunguza mwendo unazishika moja moja. Mwimbaji ndiye anakuwa na hiyo sauti. Na nilikuwa nimelaza kichwa kwa sababu spika yetu ni ndogo, besi haitoki. Inabidi uisikie kwa mbao, kwa mfupa huu." Akagusa taya lake. "Ungeniuliza."

Akina mama walianza kutafuta vitambaa vyao vya mkononi. Mmoja alikumbuka kwamba ameacha maji motoni.

"Si yangu," Thuo akasema. "Ni ya Baba Akinyi. Na hakuna nyingine. Wa kwenda kumwambia ni nani, mimi au wewe?"

Warigia alikwenda. Kutoka mlango wake hadi wa Owino ni hatua arobaini hivi, na katika kila hatua kulikuwa na mtu amesimama nje akimtazama. Owino alikuwa ameketi kizingitini, mkono wa kushoto umelala mapajani.

"Karibu, Mama Thuo! Leo umekuja peke yako? Jeshi umeliacha wapi?"

Habari zilikuwa zimemtangulia, kumbe. Alijaribu kuomba radhi, akaanza kueleza, akaona anaeleza ili aonekane hana kosa, akakatiza maneno. Owino alicheka mpaka akakohoa.

"Pepo! Mimi nimeitwa mambo mengi. Mlevi, mvivu. Pepo ndiyo mara ya kwanza. Sasa nikuambie, mama, hilo pepo liko hata kanisani kwenu. Yule kijana wenu Njogu, anayewapigia besi Jumapili, alifundishwa na nani? Alikaa kwenye kizingiti hiki miaka miwili. Ukiona mmeanza kuyumba kwenye pambio, na hamjui kwa nini mabega yanakwenda, huyo ni Mulumba. Alinipa mimi, mimi nikampa Njogu, Njogu akawapa nyinyi."

Warigia alikumbuka jinsi alivyokuwa akiyumba.

Kisha Owino akaacha kucheka. "Hata ile karatasi ya katikati imeungua?"

"Imeungua yote, Baba Akinyi."

"Ilikuwa na jina langu." Alisema taratibu, kama anayesoma kitu kilicho mbali. "Santuri hawaandiki mpiga besi. Wanaandika mwimbaji, wanaandika mwenye bendi. Ile moja tu, sijui nani aliamua, wakaandika chini kabisa: besi, Owino. Wenye kiwanda walifunga. Nakala nyingine nimezitafuta mpaka Kisumu." Akajipangusa uso kwa mkono mzima. "Haya. Mwite kijana aje na gitaa. Kesho haitatungoja."

Jua lilikuwa bado halijazama. Thuo alikuja bila kumtazama mama yake. Walikaa kizingitini bega kwa bega, gitaa limelala juu ya mapaja yao wawili. Thuo alibana nyuzi kwa mkono wake wa kushoto, na Owino akazikwaruza kwa mkono wake wa kulia, uliokuwa mzima, wakawa kama mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Warigia alisimama pale pale. Hakuambiwa akae, na hakuthubutu kuondoka.

"Iache ipite," Owino alisema. "Usiishike ya kwanza. Iache! Sasa ingia. Eeh! Ndio huyo."

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ya pili ilikwenda, na watoto wa mferejini wakaanza kucheza. Ya tatu Owino alianza, akaacha. Akaanza tena. Akaimba kwa mdomo, dum, dum-du, akatikisa kichwa.

"Si hiyo."

"Nilikuwa nimefika hapo jana," Thuo akasema. "Nilikuwa nimeshika nota sita."

"Nipigie hizo sita."

Alizipiga. Owino alifumba macho, akazifuata, akafika mwisho wake akasimama kama mtu aliyefika ukingoni mwa shimo. "Zamani vidole ndivyo vilivyojua," akasema. "Kichwa hakikuhitajika. Sasa vidole vimekufa, na mimi mwenyewe nilikuwa naisikiliza kwenye santuri ndipo nikumbuke." Hakumtazama Warigia aliposema hivyo. Angemtazama ingekuwa nafuu.

Jumamosi Warigia alikwenda Kaloleni, akasimama nje kwenye dirisha, shuka kichwani asijulikane. Kijana wa kwanza aliharibu mapema. Wa pili, Kinyanjui wa Bahati, alipiga wimbo wote, mgumu kama fimbo, lakini wote. Thuo alipoanza, wazee wa bendi waligeuka kutazama. Mpiga ngoma alicheka kwa raha. Hata mtu asiyejua besi, na Warigia alikuwa hajui, aliona kwamba ukumbi umelegea mabega. Ile ya kwanza ilipita bila kuguswa, kisha akaingia, na kila mara ilikuwa kama kufunguliwa mlango. Warigia akajikuta anaomba, kwa haraka, maneno yakigongana, Mungu alifute lile ombi alilolitoa nyuma ya pazia.

Sehemu ya tatu ilifika. Thuo alipiga nota sita, akatafuta ya saba. Akatia yake. Haikukaa.

Kabiru aliinua mkono. "Hapo umepotea, kijana."

"Najua."

"Mkono unao. Mkono huo nauona ni wa Owino kabisa. Lakini Ijumaa ijayo tunakwenda Nyeri, na watu wanaujua wimbo huu kama jina lao. Siwezi kukungoja uutafute." Akamwashiria Kinyanjui.

Angeweza kusema, santuri ilichomwa na mama yangu. Warigia alingoja aseme. Thuo alifuta nyuzi kwa kitambaa, akatia gitaa kwenye gunia lake, akashukuru.

Alhamisi iliyofuata Warigia alisimama tena kwenye ushirika. Mkutano uliopita alisimama kama aliyejeruhiwa, na kusimama vile kulikuwa rahisi. Safari hii ilibidi ashike kiti cha mbele yake. Alisema mwanawe hakuwa na pepo. Alisema sauti ilikuwa ya mashine iliyopunguzwa mwendo, na macho mekundu aliyazua, na harufu aliizua. Asenath alitazama sakafu. Wangu alinong'ona kwamba huenda pepo limehamia kwa mama. Hakuna aliyesema amina.

Alirudi nyumbani akidhani amemaliza. Thuo alikuwa anafunga kamba za viatu, anakwenda kwa Owino. Siku tano alikuwa amezungumza na mama yake maneno ya chai na ufunguo tu.

"Nimewaambia," Warigia akasema. "Nimewaambia yote, mbele yao wote."

"Nimesikia. Batulo amenieleza." Akavuta kamba ya pili. "Ulilitaja jina lake?"

"La nani?"

"La mpiga besi, Mama."

Warigia aliyapitia moyoni maneno yake yote. Hakulitaja. Alikuwa amesema santuri ya jirani. Alikuwa amesema mtu fulani. Hata alipokuwa akitubu alikuwa akichagua maneno, asionekane mbele ya Asenath kwamba anaingia nyumba ya mtu wa baa na kumwita kwa jina.

"Sikulitaja," akasema.

Thuo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha jua, akachukua gunia akatoka.

Wewe mama unayesoma haya na una mtoto nyuma ya pazia, mwulize. Mwulize kabla hujamwambia mwingine, hata kama unaogopa jibu. Warigia ilimchukua wiki nzima nyingine kabla ya kurudi kwenye chumba kile cha ushirika. Pambio lilipokwisha alikuwa amekwisha simama.

"Mama Thuo," Asenath akasema kwa upole, akimwashiria akae. "Wewe si ulishamaliza ushuhuda wako?"

"Sikuumaliza," akasema Warigia.