Safu ya Mwisho

Baba alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Likoni. Mimi nilikuwa zamu langoni mwa kambi, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Angezikwa baada ya adhuhuri. Nilichotaka ni kumsalia, basi.

"Ruhusa ya kutoka kambini ni ya kamanda," alisema Sajenti Thoya, mkuu wetu wa lindo. "Wa zamani kaondoka jana. Mpya hajapokea kambi mpaka gwaride la alasiri. Leo, Riyadh, hapana wa kukutoa."

Meja mmoja mgeni, aliyekuwa akipita na gari lake, alisikia. "Mwache aende. Mimi nasema."

Thoya akapiga saluti. "Afande, cheo chako nakiheshimu. Lakini wewe ni wa kikosi kingine. Askari huyu hayuko chini yako. Akitoka kwa neno lako, atahesabiwa mtoro."

Meja akapandisha kioo, akaenda zake. Mwanamume mzima, nimefungiwa na lango ninalolilinda mwenyewe.

Adhuhuri ilipopita, jeneza lilikuja, maana njia ya makaburini hupita langoni kwetu. Kaka yangu Jumaa akasogea kwenye nondo.

"Bunduki unayo wewe, ufunguo unao wewe, na kutoka huwezi? Wallahi, hata jela wana nafuu."

"Msalieni hapo uwanjani, nje ya lango, kaka."

"Mbele ya kambi?"

"Lango latazama kibla. Nami udhu ninao."

Alinitazama kidogo, kisha akawaita watu. Wakapanga safu, migongo yao kwangu. Safu ya mwisho nikawa mimi, nyuma ya nondo, peke yangu.

Swala ya jeneza haina rukuu wala sijida. Husaliwa wima, kama asimamavyo mlinzi. Lakini mikono yangu ilikuwa na bunduki, na imamu alikuwa karibu kuanza.

"Lete hiyo bunduki niikague," akasema Thoya.

Nikampa. Akaifungua, akachungulia mtutu, akaendelea kuchungulia takbira zote nne. Nilipotoa salamu, akanirudishia.

"Safi," akasema, bila kunitazama.

Wakalinyanyua jeneza, wakaenda nalo makaburini. Mabega yote ya ukoo yalipokezana, ila langu.

Alasiri tarumbeta ikalia uwanja wa gwaride. Kambi ilikuwa imepata mwenyewe.

"Sasa waweza kuomba ruhusa," akasema Thoya.

"Ya kwenda wapi, afande?"