Yufoniamu Yenye Vibomba vya Nyuma

Baba alifariki Jumatatu asubuhi, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi. Alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Wiki mbili baadaye kiongozi wa bendi yake alikuja kutupa pole. Akaitazama yufoniamu ya baba, lile tarumbeta kubwa ambalo mpigaji hulipakata kama mtoto. Mabomba yalikuwa yametoboka.

"Kiti cha baba yako nitakushikia hadi mwisho wa mwezi," aliniambia. "Ila uje na chombo kizima."

Kiti kile nilikitaka kuliko nilivyoweza kusema.

Nilikwenda na shangazi kwa fundi anayeuza vyombo vilivyokwisha kutumika. Kwa akiba yetu tuliweza kuchagua kati ya yufoniamu mbili. Moja iling'aa kama kipara kilichopakwa mafuta. Nyingine ilibonyea ubavuni, lakini nyuma ilikuwa na vibomba vya ziada. Fundi alisema hivyo ndivyo vinavyosawazisha noti za chini, ambazo kwenye vyombo vya kawaida hupanda kidogo kuliko zinavyotakiwa.

"Hii imepigwa teke na punda," shangazi alisema. "Chukua hiyo nzuri."

"Uzuri wa mkakasi, mama," fundi akamjibu.

Nikapuliza iliyobonyea. Noti ya chini ikazama, ikapita mahali pake. Nikarudia, ikazama tena.

"Ni mbovu," nikasema, nikairudisha mezani.

Fundi akaipuliza mwenyewe. Ikakaa sawa. "Ulijifunzia chombo gani, binti?"

"Cha baba. Noti za chini zilikuwa zinapanda, akanifundisha kuzivuta kwa midomo."

"Basi hii usiivute. Inajivuta yenyewe. Mkivuta wawili lazima izame."

Kusema ni rahisi. Miaka tisa midomo yangu ilifanya kama baba alivyoizoeza. Kuiachia kulikuwa kama kumkatiza akiwa anaongea. Nikajaribu mara ya sita, ya saba. Shangazi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkoba magotini.

"Kaka yangu angekuwa na hii," alisema taratibu, "unadhani angejisumbua kuvuta? Mvivu yule?"

Nikacheka, na midomo ikalegea. Noti ikatoka nene, imetulia. Shangazi akafungua mkoba bila kuomba apunguziwe bei, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Siku hizi ninakaa mstari wa pili, katika kiti cha baba. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni.