Chupa ya Lita Moja

Mume wangu Tukijan ni mtu wa kujua. Hata ukiwa umetoka sokoni sasa hivi na kikapu kimejaa, atakueleza njia ya kwenda sokoni. Kwa hiyo binti yetu Wening, wa darasa la nne, aliporudi na kazi ya kugeuza lita kuwa mililita, sikupata nafasi ya kukausha mikono. Baba mtu alishavuta kiti. Alisema vipimo ndiyo kazi yake, mimi nirudi nikakaange tempe, vile vipande vyetu vya soya iliyochachushwa.

Na kweli ni kazi yake. Tunauza petroli mbele ya nyumba, kando ya barabara ya kwenda Kebumen, kwenye rafu ya mbao yenye chupa ishirini na nne. Chupa zenyewe zilikuwa za pombe kali ya kigeni, ambayo mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuionja, au basi hakuna aliyekiri. Kila chupa tunaiita lita moja. Pikipiki inasimama, mtu anasema mbili, tunamimina, anaondoka.

Mwalimu wao, Bu Retno, yaani Bibi Retno, huwafundisha kwa ngazi ya vidato saba. Juu kuna kilolita, chini kabisa mililita, lita iko katikati. Ukishuka kidato kimoja unazidisha kwa kumi, ukipanda unagawanya. Wening alikuwa ameichora vizuri, kwa rula. Tukijan akaitazama, akacheka kwa pua. Akasema kitu kikishuka kinapungua, sasa unazidisha nini? Akagawanya. Lita mbili zikatoka mililita sifuri nukta sifuri sifuri mbili, yaani ukizinywa hizo lita mbili ulimi wenyewe haupati habari. Wening akasema taratibu kwamba Bu Retno alisema kuzidisha. Baba mtu akauliza huyo Bu Retno ana miaka mingapi.

Hakuishia hapo. Alilipiga picha jibu lake akalirusha kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, na chini akaandika: "Kwa wanaopata shida." Wazazi kumi na moja wakamshukuru. Mama Galih peke yake aliuliza, kwa adabu ile ya kuumiza, kama kijiko cha dawa ya kikohozi cha mililita tano basi ni sawa na mapipa mangapi. Tukijan akaifuta picha, akasema mtandao unasumbua, na Wening akafuta jibu lile kimyakimya, akazidisha. Nilicheka mpaka tempe ikaungua upande mmoja, na sijutii.

Swali la mwisho ndilo lililotuharibia siku. Kila mtoto alipewa kopo la plastiki lenye mistari ya mililita. Achague chombo kimoja cha kwao, apime kinaingia kiasi gani, ageuze kuwa lita, halafu Jumatatu asome jibu mbele ya darasa. Tukijan aliona Mungu amemsikia. Akaleta chupa tupu kutoka rafuni, akamwambia mtoto aijaze maji mpaka kwenye alama nyekundu, pale begani, tunapojaza siku zote, kisha ayamimine kwenye kopo. Tena akamwambia asijisumbue sana, jibu ni elfu moja, dunia nzima inajua.

Wening akamimina. Mia nane na hamsini. Akarudia. Mia nane na hamsini.

Hapo ungemwona bwana vipimo. Kwanza kopo lilikuwa la plastiki ya bei rahisi. Halafu meza ilikuwa imeinama. Halafu maji si petroli. Petroli inahitaji nafasi ya kupumua, jua likipiga inavimba, na hilo kila muuzaji analijua. Nikamuuliza kama mteja naye atapumua vizuri akiishiwa njiani. Akaniambia nikaangalie jiko.

Nilikuwa nafurahi, siwezi kukataa. Ila Wening hakucheka. Mtoto huyu, Ramadhani iliyopita, alimeza maji kidogo akioga, peke yake bafuni, akatoka na taulo kuja kututangazia kwamba hana swaumu tena. Sasa alikaa na penseli juu ya daftari, anawaza watu. Bu Retno hununua kwetu chupa mbili kila Jumatatu. Baba yake Galih hununua kila siku. Akisoma mia nane na hamsini, kabla ya adhuhuri mtaa mzima utajua. Akisoma elfu moja, atakuwa amesimama mbele ya wenzake kusema uongo, na anajua ni uongo kwa sababu ameupima mwenyewe mara mbili.

Hakumuuliza baba yake. Aliniuliza mimi.

"Mama, niandike ngapi?"

Sasa niseme ukweli. Tukijan ni wa maneno tu, petroli hajazi. Anayejaza chupa zile kila alasiri ni mimi, na ile alama niliipaka mimi, kwa rangi ya kucha iliyobaki kwenye harusi ya mdogo wangu.

"Andika kama baba yako alivyosema," nikamwambia.

Akaandika. Hakuniangalia.

Jumatatu alirudi na mia kwa mia, na nyota juu yake. Tukijan akaibandika karatasi kwenye rafu ya petroli ili wateja waone wanauziwa na watu wa elimu. Alasiri nikatoa dumu na faneli kama kawaida. Wening akanifuata, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaichukua faneli mkononi mwangu na kuchuchumaa mbele ya chupa ya kwanza.

"Mama," akasema, bila hasira yoyote, kama anayeuliza chumvi iko wapi, "nijaze lita ya shuleni au ya nyumbani?"

Nikatafuta neno la kuchekesha, mimi ambaye silikosi hata siku moja. Nikalikosa. Nikasema ya nyumbani. Akajaza chupa zote ishirini na nne, hakumwaga tone, na hakuna hata moja aliyoizidisha.