Kigamba cha Sampuli ya Arobaini na Moja

Katika maabara yetu chekeche likishaoshwa hutumbukizwa kwenye maji ya rangi ya buluu kabla ya kuchekecha sampuli nyingine ya mwamba. Visukuku tunavyovitafuta ni vigamba vya viumbe wa bahari za kale, vidogo kuliko punje ya chumvi, na hupenda kunasa kwenye wavu. Kikibaki kimoja, rangi hukishika. Kikichomoka kwenye sampuli inayofuata unakiona ni cha buluu, unajua ni mzamiaji, unakitupa.

Aliyenifundisha hayo ni Mwalimu, ambaye sote tunamwita Mzee Bahari. Jina hilo alilipata kwa kigamba kimoja, miaka ishirini na sita iliyopita, ndani ya sampuli ya arobaini na moja, kutoka tabaka ambalo wenzake walisema liliachwa na mto. Akashikilia kwamba bahari ilirudi pale mara ya pili. Walimcheka, wakabishana naye, mwisho wakachoka wakakubali. Sasa amestaafu na anaandikiwa kitabu cha heshima. Siku ya Jumanne alikuwa anakuja kushuhudia picha ya jalada ikipigwa: si yake, ya kigamba.

Nilikiweka chini ya hadubini kabla hajafika. Taa ya zamani ilikuwa ya njano, kila kitu chini yake kilionekana rangi ya chai. Hii mpya ni nyeupe. Kwenye kijichumba cha mwisho cha kigamba palikuwa na buluu. Nilifuta lenzi, nikaangalia tena, buluu ikabaki palepale.

Nikatoa daftari la kuoshea machekeche la mwaka ule. Sampuli ya arobaini ilikuwa udongo wa bahari, umejaa vigamba. Baada yake chekeche lilioshwa, na saini ilikuwa yangu, ina mkia mrefu wa madaha, ya msichana mwenye mwezi mmoja kazini. Niliona aibu, sina neno jingine.

Kamera yetu ina kitufe cha kuondoa rangi. Nilikibonyeza. Kwenye skrini kigamba kikawa cha kijivu, kizuri, hakina kosa.

Mwalimu akaingia, akavua kofia, akavuta stuli.

"Mbona umeondoa rangi?"

"Itapendeza zaidi kwenye jalada."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mwanangu."

Akainamia hadubini. Akakizungusha kigamba taratibu, upande mmoja baada ya mwingine. Nilishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, chekeche lile nililiosha mimi."

"Najua. Saini ile nani anaisahau?" Hakuinua kichwa. "Na kuangalia kama kuna buluu ilikuwa kazi yangu."

Nilimwonea huruma, nikatamani anigombeze.

"Rudisha rangi," akasema. "Piga."

Nikapiga.

"Jalada hawatalitaka tena, Mwalimu."

"Basi waitumie picha kufundishia kuosha machekeche."

Akaomba penseli na kifutio. Kwenye kikaratasi cha kigamba akafuta arobaini na moja, akaandika arobaini, kwa mwandiko uleule ulionyooka. Kisha akavaa kofia yake.

Nilimsindikiza hadi getini. Mlinzi akainuka kama kawaida.

"Safari njema, Mzee Bahari."

"Mzee tu," akamjibu. "Inatosha."