Mishipa ya Dalali wa Chwele

Mrija ulipanda hadi kifuani, ukafika kwenye tao la mshipa mkuu, ukajikunja na kuporomoka. Katika skrini mbele yangu, mishipa ya mgonjwa wetu, Jairus, ilikuwa imejisokota kama mizizi iliyokulia ndani ya mkebe.

"Mbili," nikasema.

Kuhesabu kulikuwa sehemu ya kazi yangu, pamoja na kuendesha mashine ya eksirei. Daktari Fardosa, binti wa Bungoma aliyelelewa nyumba tatu kutoka msikitini, alikuja hospitali yetu ya Kitale na kanuni moja: njia ikishindwa mara tatu, anayehesabu aseme, na daktari aiache njia hiyo, awe nani awaye. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba wakubwa hutunga kanuni za kuwabana wengine. Nikaiweka hiyo pamoja na mabango ya ukutani yanayotuhimiza kutabasamu.

Jairus alikuwa dalali wa ng'ombe sokoni Chwele. Asubuhi ile, akiwa katikati ya kunadi fahali, maneno yalimkatikia mdomoni na mkono wa kulia ukalegea. Donge la damu lilikuwa limeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, unakokaa usemi. Ambulensi ilipomfikisha kutoka Bungoma, mkewe, Lenah, alinishika mlangoni.

"Daktari."

"Mimi si daktari, Mama."

"Haidhuru. Huyu mzee mdomo yake ndio shamba yetu. Mkimrudisha anatembea tu na haongei, ati nitamfanyia nini?"

Sina mazoea ya kuahidi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: mrija huingizwa kwenye kinena, hupandishwa hadi shingoni, donge likavutwa. Lakini mwili ulioishi na presha kwa miaka thelathini haufuati michoro ya vitabu. Picha alizokuja nazo zilianzia shingoni kwenda juu. Hakuna aliyejua kwamba tao la kifuani lilikuwa limerefuka na kupinda, wala kwamba mshipa wa shingo wa kushoto ulichipuka kwenye shina la ule wa kulia, kwa pembe kali kama kiwiko. Kila ulipofika hapo, mrija uliteleza. Na kila dakika iliyopita, kipande cha ubongo kilikufa.

"Tatu," nikasema.

Fardosa akasukuma tena. Mrija ukaporomoka.

"Nne. Daktari, hii ni ya nne."

"Kipkirui, si unyamaze kidogo! Niko karibu."

"Hata ile ya pili ulikuwa karibu."

Ningeweza kuishia hapo; mkataba wangu huhuishwa kila Desemba.

"Kanuni ni yako," nikaongeza. "Kama ni mapambo, niambie niache kuhesabu."

Alifumba macho kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akauchomoa mrija wote, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Kifundo cha mkono wa kulia," akasema. "Tuanze upya."

Kutoka mkononi, mrija ulilifikia shina lile bila kupitia kwenye tao, na kona iliyotushinda kutoka chini ikawa mpindo mpole. Baada ya dakika kumi na nne, donge lilikuwa juu ya kitambaa cha chachi, dogo kuliko punje ya mahindi, na katika skrini matawi ya mishipa ya ubongo yakajaa damu moja baada ya jingine.

Miaka miwili imepita. Nimewaona mabingwa wengi wakishinda, na kushinda hakunishangazi. Lakini mtu kukubali kushindwa mbele ya watu sita, kwa kanuni aliyojitungia mwenyewe, kisha aanze upya papo hapo, hilo nimeliona mara moja.

Siku ile, tulipomruhusu Lenah aingie, Fardosa alikuwa bado amekibana kifundo kwa chachi, kuzuia damu. Midomo ya Jairus ikacheza.

"Wewe msichana," akasema, maneno yakitua moja moja kama magunia, "unafinya mukono yangu kama... kama unapima ng'ombe ya kuchinja, bana."

"Nyamaza, mzee, utachoka," Lenah akamkemea, machozi yakimtiririka.

"Mwache, Mama," Fardosa akasema bila kulegeza vidole. "Mwache aseme."

Nikageuka kuitazama skrini, ingawa nilikuwa nimekwisha kuizima.